Hukumu ya Mpita Njia: Wageni na Sifa za Wasukuma

Ni vichache vitabu vya safari vilivyoandikwa juu ya nchi za bara visivyokuwa na ukurasa wa tabia za watu. Mwandishi akiisha kueleza milima na mito, wanyama na mvua, hufika mahali pa kusema kwamba watu wa nchi hii ni wapole, au ni wakali, au ni wavivu. Na neno hilo moja hupigwa juu ya watu maelfu kama chapa juu ya ng'ombe. Desturi hii haikufa pamoja na vitabu vya zamani. Mwalimu apelekwaye leo kufundisha Bariadi, akitoka Moshi au Tanga, hupanda gari akiwa amekwisha kuambiwa Wasukuma ni watu wa namna gani. Na padre au mchungaji vivyo hivyo. Twataka kuipima desturi hii kwa mfano wa nchi moja, nayo ni ile iitwayo leo Mkoa wa Simiyu. Twauliza hukumu hizo zilitolewa na nani, kwa kuona nini, na tena, mwenye kuzitoa alikuwa na deni gani kwa watu aliowahukumu. Swali hili la mwisho ndilo tuonalo kuwa kubwa, na ndilo lisilozoea kuulizwa.

Tuanze na jina, maana kosa huanzia hapo. Katika Kisukuma na Kinyamwezi, sukuma ni upande wa kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, na ng'weli ni magharibi. Basi Msukuma ni mtu wa kaskazini tu. Kaskazini ya nani? Ya yule asemaye. Mtu wa Tabora akielekeza uso kwenye Ziwa huwaita walio mbele yake Wasukuma, nao wakigeuka humwita yeye Mdakama. Neno lililokuwa la kuonyesha njia wageni walilishika kuwa jina la taifa lenye moyo mmoja na tabia moja. Lakini mwenyeji wa Bariadi hujijua kuwa Mnyantuzu, mtu wa Ntuzu. Na usemi wake huitwa Gimunantuzu, palipo Kimunasukuma upande wa magharibi, Kimunakiya upande wa mashariki, na Jimunadakama upande wa kusini. Wasomaji wetu wapendao sarufi wataona kwamba hata kiambishi cha mwanzo cha jina la lugha hubadilika, huku gi-, huku ki-, huku ji-. Tena katika Meatu wamo Wataturu na Wahadzabe, wasiokuwa Wasukuma kabisa. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012. Kabla yake Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa chini ya Shinyanga, na nchi ya Busega chini ya Mwanza. Asemaye "watu wa Simiyu wako hivi" amesema juu ya mpaka ambao bado ni mchanga.

Sasa tuvitazame vitabu. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, penye Tabora ya leo, mwaka 1857. Mwezi wa Julai 1858 Speke alikwenda kaskazini, akapita Usukuma, akaliona Ziwa, akarudi Kazeh kabla mwezi wa Agosti haujaisha. Burton alibaki Kazeh, wala hakuikanyaga Usukuma hata siku moja. Walakini kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa kina sura nzima ya tabia na dini ya watu wa Afrika ya Mashariki, wote pamoja, kana kwamba ni mtu mmoja aliyemhoji barazani. Hatusemi Burton hakuwa mwanachuoni. Alijua lugha nyingi, na maelezo yake ya bei, njia na vyakula yana faida hata sasa. Twasema kwamba penye hesabu alipima, bali penye tabia hakuona haja ya kupima. Mtu huyohuyo aliyeuliza kwa uangalifu bei ya shanga hakuuliza ni wangapi kati ya watu aliowahukumu aliowahi kuzungumza nao.

Speke alikwenda mbali zaidi. Katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza uvivu na utumwa wa watu weusi kwa laana ya Hamu, mwana wa Nuhu, akawa ametafuta katika Maandiko dhamana ya hukumu yake. Wasomaji wetu ni walimu wa Maandiko. Basi na wafungue Mwanzo, sura ya 9. Laana ile ilitamkwa juu ya Kanaani, wala si juu ya Hamu. Na sura ya 10 yawahesabu wana wa Hamu kuwa wanne, Kushi akiwa mmoja na Kanaani mwingine. Aliyelaaniwa si Kushi. Mafundisho yale, yaliyotumiwa kwa karne nyingi kuhalalisha biashara ya watumwa, hayakuwa na mguu wa kusimamia hata katika aya yaliyoitaja. Twalitaja jambo hili si kwa kumshitaki marehemu, ila kwa sababu tafsiri ile bado yasikika, mara nyingine vinywani mwa Waafrika wenyewe, tena katika mahubiri.

Wa tatu ni Henry Stanley. Mwezi wa Januari 1875 alipigana na watu katika Ituru, akapoteza watu wengi. Kisha akapita Iramba akaingia Usukuma, akafika Kagehyi kando ya Ziwa mwisho wa Februari. Mto Simiyu aliuandika "Shimeeyu", kwa kadiri sikio lake lilivyouchukua. Mtu asomaye sura hizo kwa kufuatana ataona jinsi tabia ya makabila ibadilikavyo pamoja na hali ya tumbo la msafara. Palipokuwa na njaa na mishale, watu ni wabaya. Palipouzwa nafaka, watu ni wema. Ndivyo awezavyo kuona mpita njia, naye hana lawama kwa kuona hivyo. Lawama ni ya wale waliosoma baadaye, wakaichukua kumbukumbu ya siku za shida au za shibe wakaifanya kuwa elimu ya makabila.

Waweza kudhani kwamba hukumu za vitabu hubaki vitabuni. Sivyo. Mwaka 1926 Melville Herskovits, mwanachuoni wa Marekani, alichapa makala marefu juu ya ng'ombe katika Afrika ya Mashariki. Alitumia neno la Kiingereza lenye maana ya mambo mengi yaliyosukwa pamoja: mahari, matambiko, urithi, heshima, na ng'ombe katikati yao. Lakini neno lilelile hutumiwa na waganga wa akili kwa maana ya ugonjwa wa moyo. Waliokuja baadaye wakaacha maana ya kwanza wakashika ya pili. Ikawa yasemwa kwamba mfugaji wa nchi hizi hupenda ng'ombe kwa wazimu, asiweze kuhesabu faida. Kwa kuteleza kwa neno moja, desturi yenye sababu ikageuzwa maradhi.

Wasukuma waliionja hukumu hiyo kwa miili yao. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ukawa na kanuni za kulazimisha watu wapunguze mifugo na kulima kwa namna iliyoamriwa. Haki yataka tuseme kwamba ardhi ilikuwa imechoka kweli katika sehemu nyingi, na kitabu cha D. W. Malcolm kilichochapishwa mwaka 1953 kiliichunguza nchi ile kwa bidii ya mtu aliyeifanyia kazi. Lakini katika miaka ya 1920 serikali hiyohiyo iliwakusanya watu wa Shinyanga wafyeke pori ili kuwafukuza mbung'o. Kisha nchi ilipokuwa kavu, mwenye kulaumiwa akawa ni moyo wa Msukuma upendao ng'ombe. Watu walizikataa kanuni, na kabla miaka ya 1950 haijaisha shuruti ikaachwa.

Je, ng'ombe wale walikuwa wazimu? Mkulima auzaye pamba katika nchi isiyo na benki karibu, ambako mvua yaweza kukosa miaka miwili mfululizo, huweka fedha yake wapi? Huiweka katika kitu kizaacho, kitembeacho kwenda kwenye majani, na kiuzwacho kwa nafaka siku ya njaa. Tena hawaweki wote zizini pake; huwagawa kwa ndugu na marafiki, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize mali yote. Waliokumbuka sotoka ya miaka ya 1890 hawakuhitaji kufundishwa hesabu hiyo. Na watu hawahawa walioambiwa kuwa hawajui faida waliungana mwaka 1955, vyama vyao vya pamba vikiwa chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakaunda shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika yaliyomilikiwa na Waafrika.

Liko na neno ngitili. Ni Kisukuma, nalo ni sehemu ya malisho ifungwayo wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, majani yapate kusimama mpaka kiangazi. Desturi hiyo ilikuwapo kabla ya mipango ya wageni, ikadhoofika hasa katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, mbali na ngitili zao. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa uliozishika wakati ule Bariadi, Maswa na Meatu pia. Mradi ulifaulu kwa kuwarudishia watu neno lao wenyewe na kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilihesabiwa kwamba hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimerudishiwa miti na majani, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Waliosema kwamba Msukuma haijui hifadhi hawakuuliza neno la Kisukuma la hifadhi ni lipi.

Na mambo ya lugha hayana budi kutajwa, maana wengi wetu hufundisha lugha. Kisukuma hakina sauti ya r. Basi mtoto wa Bariadi ajifunzapo Kiswahili husema l penye r, na watu wa mijini humcheka, humwita mshamba. Lakini Kisukuma kina irabu saba, palipo tano katika Kiswahili, tena kina mipando ya sauti ibadilishayo maana. Mcheka ajaribu kusema Kisukuma mbele ya bibi wa Itilima, tuone ni nani atakayechekwa. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chasimulia jinsi watu walivyouawa vivukoni mwa Yordani kwa kushindwa kutamka shibolethi. Mwalimu amchekaye mtoto kwa sauti moja hamwui, lakini amemweka kwenye kivuko kilekile. Na mtoto aliyechekwa darasani hunyamaza, na mwalimu huandika kwamba watoto wa huku ni wazito.

Hapa msomaji atatuuliza: je, kila neno baya lisemwalo na wageni ni uongo? Hapana. Katika Usukuma wameuawa vikongwe kwa shutuma ya uchawi, na macho mekundu yakashikwa kuwa dalili. Nayo macho hayo ni matunda ya moshi, ya miaka mingi ya kupika kwa kuni, na kwa samadi penye upungufu wa miti. Mara nyingi nyuma ya shutuma pana ugomvi wa shamba au wa urithi. Jambo hili ni kweli, sheria ya nchi imekataza tangu mwaka 1928 kumwita mtu mchawi, na kiongozi wa kanisa anyamazaye juu yake amekosa. Lakini sikilizeni sentensi isemwavyo: "Wasukuma huua vikongwe." Katika sentensi hiyo, aliyeuawa ni nani? Naye ni Msukuma. Bintiye amliliaye ni Msukuma, jirani aliyemficha usiku ni Msukuma, na shahidi aliyesimama mahakamani ni Msukuma. Hukumu ya jumla imempa muuaji kabila zima la kujifichia, ikamnyang'anya maiti watu wake. Katika Ujerumani na Uskoti za karne ya 16 na 17 watu maelfu waliuawa kwa shutuma ileile, wengi wao wanawake. Walakini hatusikii uchomaji wa wachawi ukitajwa kuwa tabia ya Mjerumani. Wao tumewapa historia, yaani jambo lililoanza likaisha, nalo lina sababu. Msukuma tumempa tabia, yaani jambo lisilo na mwanzo wala mwisho. Asemaye "waliua fulani na fulani, katika kijiji fulani, kwa sababu hii" amesema neno liwezalo kwenda mahakamani na kwenye toba. Asemaye "ndivyo walivyo" amefunga mashitaka bila kumshika mtu.

Wengine watasema: lakini sisi Waafrika wenyewe twatukanana kwa makabila tangu zamani. Ni kweli, na jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndipo ilipo tofauti tuitafutayo. Mzaramo na Msukuma ni watani. Wazee wengi huuhusisha utani huu na siku za misafara, wapagazi wa bara walipopita Uzaramo wakienda pwani. Mtani humwambia mwenziwe maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ataonekana ametukana: kwamba ni mlafi, mshamba, mjinga wa mji. Lakini neno la mtani lina bei yake. Msibani mtani ndiye asaidiaye kazi ya maziko, ndiye avunjaye kilio kwa mzaha ili wafiwa wale, ndiye asiyeweza kusema hana nafasi. Tena aliyetaniwa ana haki ya kujibu papo hapo, kwa ukali uleule, mbele ya watu walewale. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, alikusanya habari za utani wa Tanganyika akazichapa mwaka 1941 na tena 1944. Na faida ya kazi yake ni kwamba aliuliza nani ni mtani wa nani na wapaswa kutendeana nini. Hakuhitaji kuamua ni kabila gani lililo jema.

Basi tofauti si kwamba mtani husema mazuri na mgeni husema mabaya. Mara nyingi mtani ndiye asemaye mabaya zaidi. Tofauti ni deni. Neno la mtani lasemwa usoni pa mtu, lina jibu, nalo limefungwa kwenye kazi ya kumzika. Neno la mpita njia lasemwa mgongoni, katika lugha ambayo aliyehukumiwa haisomi, na mwenye kulisema amekwisha kuondoka. Na hata utani huharibika ukikatwa deni lake. Anayemtania Msukuma ofisini, akiwa na mamlaka juu yake, asipoweza kutaniwa naye, huyo si mtani, ni mpita njia aliyevaa nguo ya mtani.

Imebaki pingamizi moja, nayo yatoka katika Maandiko. Katika Waraka kwa Tito, sura ya 1, Paulo ataja neno la kuwalaumu Wakrete kwamba ni waongo, walafi na wavivu, tena asema ushuhuda huo ni kweli. Wengi wameishika aya hiyo kuwa ruhusa ya kuhukumu mataifa. Lakini mambo matatu yako wazi hapo. Kwanza, neno lile halikuwa la Paulo. Alilitoa kwa Mkrete mwenyewe, naye ajuaye utani atalitambua. Pili, aliyeandikiwa alikuwa ameachwa Krete ili akae, atengeneze yaliyopungua. Hakuwa na njia ya kusema na kuondoka. Tatu, na hili ni kubwa, Tito aliagizwa kuweka wazee katika kila mji, na wazee hao wasilaumike, wasiwe walevi wala wenye tamaa. Angewapata wapi, ila kati ya Wakrete hao hao? Neno lile basi lilisemwa kama onyo la kazi, wala halikuwa mpaka wa kuwazuia watu wasiitwe kwenye uongozi. Atakayelitumia bila kukaa, na bila kuwaita wenyeji wawe wazee, ametumia nusu ya waraka.

Kwa hayo twapendekeza kwamba kila hukumu juu ya watu, iwe kitabuni, iwe katika barua, iwe katika maneno ya walimu chumbani mwao, iulizwe maswali manne. Msemaji alikaa siku ngapi, na kwa lugha gani? Alikuwa akitafuta nini wakati ule: chakula, kodi, waongofu, au majibu ya mtihani? Je, aliosema habari zao waweza kumjibu? Na akihitajiwa kesho katika msiba wao, atakuja? Padre David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma Bujora katika miaka ya 1950, alitoka nchi ya mbali, Kanada. Wala hatudai kwamba wageni wote ni vipofu. Mgeni aweza kuona ambayo mwenyeji ameyazoea, nayo ni zawadi, alimradi ayalete mezani ambapo mwenyeji pia ameketi.

Tungependa kazi hii iendelee. Walimu na watumishi walioko Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega na watuletee maneno ya Kisukuma yaliyo katika jambo hili: Wanyantuzu huwaitaje Wadakama, nao huitwaje nao, Wataturu wa Meatu waliwahi kuwa na utani na nani, na wenyeji huwasemaje walimu wageni wanapokuwa peke yao. Jambo hili la mwisho litawauma baadhi yetu. Lakini katika karne na nusu ya vitabu juu ya tabia za Wasukuma, ni machache mno yaliyoandikwa juu ya yale ambayo Wasukuma waliwaona wageni wao kuwa nayo, wala hatuwezi kuita elimu mizani yenye upande mmoja. Tuandikiwe kwa Kisukuma, pamoja na tafsiri, na jina la kijiji lilikotoka neno, bila jina la mtu.